Chama Kilichozaliwa Ndani ya Msimbo: New Pacific Order na Mapinduzi ya 2003

Leo naweka kando mafunzo ya hifadhidata niliyowaahidi (yanakuja, msinipigie kelele) ili niwasimulie kisa cha siasa. Msiogope, si siasa za hapa kwetu. Ni siasa za nchi ambazo hazipo.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilifungua akaunti katika NationStates, mchezo wa mtandaoni ambamo kila mtu anaunda nchi yake, anaipa jina, bendera na sarafu, kisha kila siku analetewa masuala ya kuamua: kodi ipande, magazeti yafungiwe, na kadhalika. Hakuna picha zinazotembea. Ni maandishi tu, na kwa mwanafunzi wa bando la shilingi ishirini hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Mwenye mchezo ni Max Barry, mwandishi wa riwaya kutoka Australia, aliyeufungua Novemba 2002 ili kuitangaza riwaya yake Jennifer Government iliyotoka Januari 2003. Lilikuwa tangazo la kitabu, basi.

Nilipobonyeza kitufe cha kuunda nchi, mchezo ulinitupa katika kanda inayoitwa The Pacific. Sikuchagua. Muda si muda nikapata barua ya kunikaribisha, yenye adabu nyingi, ikiniomba nimuunge mkono kiongozi wa kanda. Nilidhani ni ujumbe wa mashine. Kumbe ulitoka kwa utawala ulioingia kwa mapinduzi wakati mimi sijaanza hata shule ya msingi.

Ili muelewe mapinduzi hayo lazima kwanza niwaeleze msimbo ulivyofanya kazi, kwa sababu hapa msimbo ndio katiba.

Nchi zote zimegawanywa katika kanda. Mchezaji anaweza kuanzisha kanda yake na kuwa mwasisi mwenye mamlaka yote. Lakini nchi mpya lazima zizaliwe mahali fulani, na katika miaka ile zilizaliwa katika kanda tano zisizo na mwasisi: The Pacific na zile nyingine nne za kaskazini, kusini, mashariki na magharibi yake. Wachezaji waliziita kanda za kulisha, kwani ndiko walikotoka raia wa kanda nyingine zote. Kila kanda ina Mjumbe, na Mjumbe ni yule aliyeungwa mkono na nchi nyingi zaidi katika kanda yake. Anayeruhusiwa kuunga mkono ni mwanachama wa baraza la dunia, na kila binadamu anaruhusiwa uanachama mmoja tu hata akiwa na nchi mia. (Baraza lilikuwa likiitwa Umoja wa Mataifa. Januari 2008 Umoja wa Mataifa wenyewe, ule wa kweli, ukamwandikia Barry uache kutumiwa jina na nembo, na kufikia Aprili baraza likawa World Assembly.)

Sasa sikilizeni penye utamu. Hakuna siku ya uchaguzi. Seva hupita kila kanda kwa saa yake, inahesabu, na aliye juu wakati huo ndiye Mjumbe. Ukilala Mjumbe unaweza kuamka raia. Na Mjumbe ana kitufe cha kufukuza nchi kutoka kanda. Yaani mwenye kura nyingi leo anaweza kuwaondoa wale ambao wangempigia mpinzani kura kesho. Mtu yeyote aliyewahi kuandika mfumo wa kura anaona tatizo hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandikia darasa letu ukurasa wa kuchagua mwakilishi, kura moja kwa kila anwani ya baruapepe, na mshindi akapata kura nyingi kuliko idadi ya wanafunzi. Kwa hiyo simcheki mtu.

Agosti 2003 mchezaji mwenye nchi iitwayo Francos Spain alishika kiti cha Mjumbe wa The Pacific, akawafukuza wapinzani na kutangaza utawala mpya: New Pacific Order. Kama angeishia hapo angekuwa mvamizi kama wengine. Wavamizi walikuwa tele, wakiteka kanda kwa mchezo na kuondoka. Huyu alikaa, na akaandika nadharia.

Nchi yake ilibeba jina la dikteta wa kulia wa Uhispania, lakini nadharia yake aliiazima kwa Karl Marx. Alisema NationStates ina matabaka mawili: watu wa kanda za kulisha na watu wa kanda zilizoundwa na wachezaji. Hao wa pili huja kwenye kanda za kulisha kuvuna raia wapya, huku wakitaka kanda hizo zibaki dhaifu na bila utawala wao. Kwa hiyo mapinduzi, kwa hoja yake, yalikuwa ukombozi. Wafuasi wakaiita Francoism. Hawakujiita chama, lakini walikuwa na itikadi, ngazi za uongozi, jeshi na elimu ya wanachama. Mimi nakiita chama, na kwa sisi tuliozoea vyama vya kuweka akiba kila mwezi, hata nidhamu ya michango ipo: mchango wao ni kura ya kila siku.

Je, ilikuwa ukombozi kweli? Sidhani. Waliofukuzwa walipelekwa The Rejected Realms, kanda wanakoangukia wote waliotupwa, na wao pia walikuwa watu wa kanda ya kulisha. Lakini lazima nikiri jamaa aliusoma msimbo vizuri. Aliona kwamba utajiri wa mchezo ule si fedha wala ardhi, ni watoto wachanga, na kwamba wanazaliwa mlangoni pake.

Serikali ya mchezo nayo ilikuwa na maumivu yake. Sheria ilikataza wavamizi kuwafukuza wenyeji kwa wingi, lakini nani mwenyeji? Wasimamizi walilazimika kuamua kesi moja moja, wakilaumiwa kila upande. Mwaka 2006 ikaja dawa: ushawishi. Kila nchi inajilimbikizia alama kadiri inavyokaa katika kanda na kuungwa mkono, na Mjumbe anayefukuza analipa kwa alama zake. Mwenyeji wa siku nyingi ni ghali kumfukuza. Hakimu binadamu akaondolewa, kikawekwa kihesabio.

Nilipousoma mfumo huo mara ya kwanza niliupenda sana. Ni safi. Kisha nikajiuliza: nani ana alama nyingi kuliko wote? Ni yule aliyekalia kiti muda mrefu na kuungwa mkono na mamia. Kinga iliyotungwa kumlinda mwenyeji mnyonge ikawa pia hazina ya mtawala. Mpinzani akianza kukusanya kura anafukuzwa kwa bei nafuu kwa sababu bado ni mgeni. Mwaka 2023 New Pacific Order ilitimiza miaka 20 katika The Pacific.

Januari 2006 watu wale wale walipeleka jina lao katika mchezo mwingine, Cyber Nations. Huko muungano haukuwa chochote ndani ya msimbo ila neno ulilojaza kwenye kisanduku cha wasifu wako. Yeyote angeweza kuliandika. Bado wakawa dola kubwa ya mchezo ule, mpaka Aprili 2009 maadui zao walipoungana katika vita vilivyoitwa Karma, na kufikia Julai wakasalimu amri. Huko hapakuwa na kihesabio cha kuwalinda.

Nchi yangu ilikufa. Nchi isiyofunguliwa kwa siku 28 hufa yenyewe, na mitihani ilinishika. Miaka michache baadaye nikaifufua, nikitarajia barua ile ya adabu. Sikuipata: waliofufuka hawarudi kwenye kanda za kulisha. Mchezo ulinitua Lazarus, na alama zangu za ushawishi zilikuwa zinaanza upya kutoka chini.