Wavumbuzi wasio na majina: Somo la Ras Kitau

Historia ya uvumbuzi duniani huandikwa kwa majina ya watu. Johannes Gutenberg wa Ujerumani hutajwa kwa mtambo wa kuchapisha vitabu wa katikati ya karne ya 15. James Watt wa Scotland hukumbukwa kwa kuiboresha injini ya mvuke, kazi aliyoipatia hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, mwaka 1769.

Katika pwani ya Waswahili hali ni tofauti. Vitu vilivyojenga miji, biashara na heshima ya watu wake kwa zaidi ya miaka elfu moja havina jina la mvumbuzi hata mmoja. Tofauti hiyo huonekana wazi mtu akiwa Ras Kitau, upande wa kusini wa kisiwa cha Manda, unaotazamana na Shela katika funguvisiwa la Lamu. Vyombo vinavyotoka mji wa Lamu kuelekea bahari kuu hupita mbele ya ras hiyo, na kila kimoja kimebeba alama ya uvumbuzi wa zama zake.

Chombo kisicho na msumari

Uvumbuzi mkubwa wa kale katika visiwa hivi ulikuwa mtepe. Chombo hiki hakikupigiliwa misumari. Mbao zake zilitobolewa matundu kwa keekee, kisha zikashonwa pamoja kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la umbo la mraba, lililofumwa kwa majani ya miti ya jamii ya mnazi, na gubeti lake lilichomoza mbele mfano wa shingo ya ndege au ngamia.

Ushonaji wa vyombo ni maarifa ya kale sana. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta kwenye pwani hii.

Mbao zilizoshonwa hunyumbuka. Chombo kikigonga fungu la mchanga, ambayo ni mengi katika mikondo ya Lamu, hakikupasuka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo mtepe ulifaa kuingia katika vijito vyenye kina kifupi na kupakia boriti za mikoko. Kasoro yake ilikuwa kuvuja: mabaharia walilazimika kuyateka maji mara kwa mara, na kamba zilihitaji kushonwa upya.

Jahazi la misumari lilipozidi kuenea, mtepe ulianza kupungua, na kufikia katikati ya karne ya 20 ulikuwa umetoweka baharini. Kwa kuwa maarifa yake yalikaa mikononi mwa mafundi, yaliondoka pamoja nao. Mfano wa mtepe ulipojengwa upya Zanzibar mwaka 2003 na kuwekwa katika jengo la Beit al-Ajaib, wajenzi waliongozwa na mifano midogo ya majumba ya makumbusho na kumbukumbu za zamani, si na fundi aliyewahi kuushona mtepe.

Mawe, chokaa na maji

Kisiwa cha Manda kinaonyesha pia uvumbuzi wa nchi kavu. Mji wa kale wa Manda ulikuwapo tangu karne ya 9, na wanaakiolojia wamekuta huko kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mapande makubwa ya matumbawe. Watu wa pwani walijua kuchoma matumbawe hadi yakawa chokaa, kujengea kuta kwa mawe hayohayo, na kuezeka kwa boriti za mikoko. Hata upana wa vyumba vya nyumba za Lamu uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Mji huo wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Hata hivyo, ustadi wa ujenzi haukutosha kuilinda kila jamii. Mji wa Takwa, ulio kisiwani humohumo, ulihamwa katika karne ya 17, na uhaba wa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu. Wakazi wake wanaaminika kuvuka kwenda Shela, ambako vizazi vyao vimeendelea kuzuru Takwa na kuomba mvua. Ndipo thamani ya jabia inapoonekana. Birika hilo kubwa la kukinga maji ya mvua, linalojulikana katika visiwa vya Lamu, ni chombo cha kawaida machoni, lakini bila hifadhi ya maji ya namna hiyo ni vigumu watu kukaa mahali penye visima vya chumvi.

Majina yanapojitokeza

Katika karne ya 20, uvumbuzi uliofika Lamu ulikuja na majina. Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norway, alianza kuuza injini ya kufungwa nyuma ya mashua mwaka 1909. Leo injini za aina hiyo huvusha abiria kati ya Lamu, Shela na Manda bila kungoja upepo wala maji kujaa. Safari imefupika, lakini nahodha sasa anategemea bei ya mafuta kuliko kaskazi na kusi.

Malcom McLean wa Marekani naye aliubadilisha uchukuzi wa dunia mnamo Aprili 26, 1956, meli yake Ideal X iliposafiri kutoka Newark hadi Houston ikiwa na makontena 58. Uvumbuzi wake ulihitaji bandari zenye kina kirefu. Kaskazini ya kisiwa cha Manda, upande wa bara, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 20, 2021.

Gharama yake ilikuwa imeshafika mahakamani. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi huo walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Wengi wao walitegemea vyombo vidogo vilivyoundwa kwa ajili ya maji ya karibu. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kuhamishiwa bahari kuu kwa sababu tu njia ya meli imechimbwa mahali pa uvuvi.

Tezo la zamani, mali mpya

Septemba 15, 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, chombo cha urefu wa takriban meta 9 kilichoundwa kwa tani zipatazo 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa kandambili 30,000. Plastiki iliyeyushwa ikafanywa mbao, kisha ikachongwa kwa ujuzi uleule wa kuunda majahazi. Mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, umbali wa kilomita 500 hivi.

Tukio hilo linaonyesha kwamba maarifa ya wazee bado yanaweza kuzaa kitu kipya, mradi yupo mtu anayeyajua. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayotambua haki ya jamii nzima hata pale mvumbuzi hajulikani. Lakini sheria haimfundishi kijana kushika tezo. Kazi hiyo hufanyika pale fundi anapokaa na mwanafunzi kando ya chombo kinachoundwa. Ndicho mtepe ulichokikosa katika siku zake za mwisho.