Elimo Njau na Kituo cha Paa ya Paa: Mchoraji na Ujenzi wa Jumuiya ya Sanaa Nairobi

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Wachaga, chini ya Mlima Kilimanjaro, na katika miaka ya 1950 alisomea uchoraji Makerere, Uganda. Shule ya sanaa ya chuo hicho iliasisiwa na Margaret Trowell, aliyeshikilia kuwa mwanafunzi wa Kiafrika achote mada zake katika maisha na masimulizi ya jamii yake badala ya kufuata mifano ya Ulaya. Mafunzo hayo yalimpa Njau ujasiri wa kutazama kwao. Hata hivyo, yalitolewa ndani ya taasisi ya kikoloni, na mhitimu alipotoka hapo ni nadra kukuta ukumbi wa maonyesho uliomilikiwa na Waafrika wenzake.

Kazi iliyomtambulisha ni michoro mitano ya ukutani aliyoichora mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo. Kanisa hilo lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Humo Yesu anazaliwa, anabatizwa, anakula karamu ya mwisho, anasali Gethsemane na kusulubiwa, akiwa Mwafrika miongoni mwa Waafrika, katika mandhari ya Ukikuyuni. Uamuzi huo ulikuwa na uzito. Katika wilaya iliyogawanywa na damu, ambako Ukristo ulihusishwa na utawala wa mlowezi, michoro hiyo iliyaweka mateso ya msalaba ndani ya mateso ya wenyeji wenyewe.

Baada ya uhuru, swali halikuwa tena nini kichorwe, bali kazi ya msanii ionekane wapi na kwa masharti ya nani. Njau aliongoza shughuli za sanaa za uchoraji katika Kituo cha Utamaduni cha Chemchemi, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1963 na mwandishi Ezekiel Mphahlele. Huko Marangu alianzisha Jumba la Sanaa la Kibo. Mwaka 1965, yeye na mkewe, mwandishi Rebeka Njau, pamoja na wenzao, akiwamo mshairi Jonathan Kariara na mwanahabari Hilary Ng'weno, walifungua Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina hilo linachezea maana za neno moja: paa ni mnyama wa porini, kupaa ni kwenda juu, na paa ni kifuniko cha nyumba. Kituo kilikusudiwa kuwa yote mawili, mahali pa kuinukia na pa kujihifadhi. Wachoraji, washairi na watu wa tamthilia walikutana hapo.

Msimamo wa Njau ulijulikana: kuiga, alisema, humlaza Mungu usingizi. Kauli hiyo ilielekezwa kwa waliofuata Ulaya, na vilevile kwa biashara ya vinyago vilivyorudiwa kwa mamia ili kuwauzia watalii. Msimamo huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa kinachorudiwa ndicho kinachouzika haraka. Kituo kisichouza nakala hulazimika kutegemea wafadhili na moyo wa waasisi wake.

Udhaifu huo ulidhihirika baada ya kituo kuhamia Ridgeways, kando ya Barabara ya Kiambu. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo na kazi zilizohifadhiwa humo. Kwa kuwa kumbukumbu hizo zilitunzwa kwa jitihada za watu binafsi, hasara ya nyumba moja ikawa hasara ya historia ya kizazi kizima cha wasanii. Kituo kiliendelea na shughuli zake, lakini kilichoungua hakikurudi.

Kwa hiyo, mchango wa Njau haupimwi kwa turubai pekee. Michoro ya Murang'a ingali ukutani kwa sababu kuna waumini wanaoitunza. Ya Paa ya Paa iliteketea kwa sababu ulinzi wake uliachiwa familia moja na marafiki wachache. Tofauti hiyo inaonyesha kuwa sanaa hudumu pale jumuiya inapoihesabu kuwa mali yake.