Tairi na Mwiba

Msomaji, ukisafiri kutoka Wajir kwenda Hadado, utapita katika nchi kavu ya mchanga na miiba. Hapo kale ngamia ndiye aliyechukua maji na mizigo huko, na unyayo wake mpana haukuhitaji kujazwa upepo. Gari lilikuja na udhaifu wake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo. Safari ikawa laini, lakini mwiba mmoja uliweza kumkwamisha msafiri mbali na kisima.

Katika Vita Kuu ya Pili, magari ya deraya ya Waingereza yalivishwa matairi yenye kuta nene, yaliyoweza kwenda hata yakitobolewa. Siku hizi matairi ya namna hiyo hufungwa katika baadhi ya magari madogo. Yakiishiwa upepo, kuta zake hubeba gari kwa kiasi cha kilometa 80, kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Lakini ugumu wake huwatikisa abiria, na ubavu ukipasuka halifai tena.

Basi usidanganyike. Aendaye Hadado na achukue tairi la akiba na maji ya kutosha. Chombo chema hupunguza hatari. Hakimwondolei mtu wajibu wa kujiandaa.