Kauli Moja ya Bram: Mauaji Merikebuni, 1896

Mwezi wa Julai 1896 merikebu Herbert Fuller, iliyotoka Boston na shehena ya mbao, iliingia Halifax ikivuta mashua yenye maiti tatu: nahodha Charles Nash, mkewe Laura, na msaidizi wa pili August Blandberg. Wote waliuawa usiku kwa shoka. Charles Brown, mshika usukani, alidai kumwona msaidizi wa kwanza, Thomas Bram, akiua. Mpelelezi alipomvua nguo Bram na kumweleza hayo, alijibu kwamba Brown asingeweza kumwona. Kwani alikuwa wapi?

Je, alilikana tendo, ama alimkana shahidi tu? Sarufi (hata yetu, yenye kiambishi -singe-) haiamui. Hata hivyo Bram alihukumiwa kunyongwa. Mnamo 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo, ikiona kwamba kauli haikutolewa kwa hiari. Alishtakiwa upya, akafungwa maisha, akasamehewa 1919.