Uchovu wa Keto Wiki ya Kwanza: Supu, Chumvi na Tahadhari

Siku ya nne baada ya kuacha wanga, nilijikuta nimekalia dumu la maji kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, hapa Umoja, nikishindwa kufika ya tano ninakokaa. Dumu la lita 20, ambalo miaka yote nimelipandisha bila ya kulifikiria. Kichwa chanigonga, miguu haina nguvu, moyo wapiga kama ngoma ya chakacha. Mtoto wa jirani akanipita, akarudi nyuma ngazi mbili, akaniuliza, "Mzee, nikubebee?" Nina miaka 44.

Nilikuwa nimeingia keto, yaani kupunguza wanga hadi gramu 20 au 50 kwa siku na kuujaza mwili mafuta badala yake. Kwa mtu wa Pwani hiki ni kiapo kizito. Chapati moja ya saizi ya kawaida yakaribia kumaliza fungu la siku nzima, mahamri mawili hali kadhalika, na unga wa mahindi ni wanga kwa takriban robo tatu ya uzito wake. Vijana hudhani lishe hii imezaliwa kwenye simu zao. La. Ni mwaka 1921 ambapo Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipa jina hilo akiipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo yatumika kwa watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa. Kwa hivyo ilianza kama tiba, inapimwa kwa mizani, daktari akiwa karibu. Sisi twaianzia jikoni kwa kubahatisha, kisha twashangaa kuanguka.

Uchovu wenyewe una sababu, wala si udhaifu wa moyo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, iitwayo glikojeni. Kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu moja hushikana na maji yapatayo gramu 3. Ukikata wanga, sehemu kubwa ya akiba hiyo huisha kwa siku chache na maji yake hutoka nayo. Ndio ile mizani kushuka kilo mbili wiki ya kwanza mtu akapiga vigelegele, kumbe mengi ni maji. Wakati huohuo insulini hushuka, na insulini ndiyo huzifanya figo zishike chumvi. Ikipungua, chumvi hutoka na mkojo. Mtu aliyepungukiwa maji na chumvi huumwa na kichwa, huona kizunguzungu akiinuka kutoka kwenye sijida, hubanwa na misuli ya miguu usiku, na huchoka ovyo. Juu ya hayo, ubongo umezoea sukari, na ini lahitaji siku kadhaa kutengeneza ketoni za kutosha kutoka kwenye mafuta. Kwa wengi taabu hii huanza siku ya pili au ya tatu na hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Nguvu za kukimbia na kubeba mizigo huchelewa zaidi kurudi.

Mwaka 1983 mtafiti Stephen Phinney alichapisha jaribio la waendesha baiskeli watano waliokula hivi kwa wiki nne. Walipewa sodiamu na potasiamu ya ziada, na mwishowe wastani wa muda waliodumu wakiendesha ulikuwa karibu sawa na wa mwanzo. Watu watano ni wachache mno kuhukumia jambo. Lakini nilipoyasoma hayo nililiona kosa langu: wao waliongezewa chumvi, nami nilikuwa nimeitoa mezani pamoja na sima, kwa vile nimesikia kwamba chumvi ni mbaya.

Dawa yangu ikawa supu. Eastlands hukosi supu ya mifupa. Teremka Barabara ya Jogoo hadi soko la Burma, au ingia mabucha ya Pumwani na Eastleigh, utapata mifupa kwa bei ya kawaida. (Mutura tuwaachie wenyewe, ina damu.) Nachemsha mifupa kwa saa kadhaa, natia tangawizi na ndimu, na kila kikombe nakitia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kimoja asubuhi na kimoja baada ya alasiri. Siku ya pili yake kichwa kilitulia. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa hivyo chakula kingine nilikila bila ya kukiongezea. Mwenye presha, maradhi ya moyo au ya figo asiniige hapa kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na maji kunyweni kwa kiu, msijilazimishe ndoo nzima. Maji mengi bila chumvi huzidisha kizunguzungu.

Potasiamu nimeipata kwenye parachichi, mchicha na sukuma wiki, magnesiamu kwenye mbegu za maboga. Parachichi moja lina potasiamu kuishinda ndizi, na wanga wake ni mdogo. Kosa jingine nililofanya ni kuacha wanga huku nikiyaogopa mafuta pia, nikawa nakula mboga na kipande cha kuku mkavu. Hiyo si keto, hiyo ni njaa. Nikarudisha tui la nazi, mayai, samaki wa kukaanga, na nyirinyiri ya Eastleigh. Chai msiiache ghafla, kwani aliyezoea vikombe vinne akikosa huumwa kichwa akasingizia keto. Inywe ya rangi, bila sukari. Wiki hiyo ya kwanza usianze mazoezi mapya, na ulale mapema. Dumu mpe kijana, umlipe.

Kuna uchovu mwingine, na huu ndio ulionikosesha usingizi. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, akaaye Kaloleni, aliniona nimepungua akaniiga bila ya kuniambia. Yeye ana kisukari na humeza glibenklamaidi. Dawa hiyo huishusha sukari hata kama hujala wanga. Siku ya tatu alitetemeka, jasho jembamba likamtoka, akawa ajibu maneno yasiyoeleweka. Binti yake akamwambia mamake amechoka kwa sababu ya keto tu, ajilaze. Kwa bahati jirani ana mashine ya kupimia: 2.8, na chini ya 4 ni hatari. Wakamnywesha maji ya sukari. Alhamdulillahi aliwahiwa.

Anayetumia insulini au vidonge vya aina hiyo asianze bila daktari kumpunguzia dozi. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini aweza kupatwa na ongezeko la asidi katika damu hata kipimo cha sukari kikionekana kizuri. Wajawazito na wanaonyonyesha wasijaribu wenyewe. Na yeyote atakayezimia, kutapika mfululizo, kupumua haraka kwa kina, au kuhisi moyo ukienda mbio akiwa amekaa, asinywe supu akangoja, aende hospitali.

Dada alipokwenda kliniki alipunguziwa kidonge cha asubuhi, akaambiwa ashuke wanga polepole na apime sukari kila siku. Sasa anakula nusu chapati, mbaazi kidogo, na huniarifu kila kipimo. Dumu napandisha mwenyewe tena, ila ghorofa ya tatu bado napumzika.