Sikilidi: Samaki warembo wanaomsumbua mfugaji asiyejiandaa

WENGI wanaofurahia ngege mezani hawajui kwamba samaki huyo ana jamaa zake ambao hupakiwa ndegeni kupelekwa Ulaya, Asia na Marekani, si kwa minajili ya kuliwa bali kutazamwa tu.

Jamaa hao, pamoja na ngege mwenyewe, ni wa ukoo wa sikilidi, ambao una zaidi ya spishi 1,600 zilizotambuliwa na wanasayansi. Baadhi hupatikana Amerika ya Kati na Kusini, na wachache Madagaska na Asia. Hata hivyo, ngome yao kuu ni maziwa matatu ya Afrika: Victoria, Tanganyika na Malawi, ambalo nchini Tanzania huitwa Nyasa. Spishi nyingi za maziwa hayo haziko kwingineko duniani.

Kinachowavutia wafugaji kwanza ni rangi. Mbuna, ambao huishi kwenye miamba ya Ziwa Malawi wakila mwani unaoota juu ya mawe, wana rangi za manjano, buluu na milia myeusi inayofanana na ya samaki wa matumbawe ya baharini. Tofauti ni kwamba mbuna hawahitaji maji ya chumvi, ambayo ni ghali na magumu kuyatunza nyumbani.

La pili ni tabia zao. Jike wa mbuna huyaokota mayai yake na kuyahifadhi kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi, bila kula chochote cha maana, hadi vifaranga wawe tayari kuogelea. Katika Ziwa Tanganyika kuna wengine wasiozidi sentimita tano, ambao huishi na kulea watoto wao ndani ya makombe matupu ya konokono. Naye oska, ambaye asili yake ni mto Amazon, huweza kumzoea anayemlisha na kumsogelea kila anapokaribia kioo.

Lakini tabia hizo hizo ndizo chanzo cha masaibu mengi. Samaki anayelinda mwamba au watoto wake hamvumilii jirani. Ziwani, anayeshindwa hukimbia akaenda zake. Ndani ya tangi hana pa kukimbilia, hivyo hufukuzwa hadi mapezi yanararuka, hushindwa kula na hatimaye hufa.

Ili kupunguza ugomvi, dume mmoja wa mbuna huwekwa na majike kadhaa, na mawe hupangwa yakawa na mapango mengi ya kujificha. Mawe hayo yanafaa kukaa moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa. Sikilidi wengi ni wachimbaji hodari, na jiwe lililosimama juu ya mchanga laweza kuporomoka na kuvunja kioo. Mimea nayo mara nyingi hung'olewa au kuliwa.

Aidha, mnunuzi hudanganywa na udogo. Oska anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole hukua kupita sentimita 30, na huweza kuishi miaka 10 au zaidi. Mbuna nao huhitaji tangi la lita 200 hivi. Maji hayo pekee yana uzani wa kilo 200 kabla ya kuongeza kioo na mawe, mzigo usiowekwa juu ya meza ya kawaida.

Maji yenyewe ni somo. Yale ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na kipimo chake cha pH hukaribia 9, ilhali samaki wengi wa Amazon wamezoea maji laini yenye asidi. Kuwachanganya ni kumtesa mmoja wao. Maji ya bomba nayo huwa na klorini, ambayo sharti iondolewe kwanza.

Isitoshe, tangi jipya halifai kujazwa samaki siku ya kwanza. Kinyesi chao hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wa kuibadilisha huchukua takriban wiki nne hadi sita kuzaana kwenye chujio. Hapa wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Baadaye, takriban robo ya maji hubadilishwa kila wiki.

Kwa mkazi wa mjini nchini Kenya, mgao wa maji na kukatika kwa umeme ni mambo ya kuzingatia. Pampu ikizimika kwa saa nyingi, hewa hupungua majini na samaki hufa. Pampu ndogo ya betri na pipa la maji ya akiba ni sehemu ya gharama.

Suala jingine ni mahali samaki alikotoka. Mbuna mmoja mdogo, saulosi, yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kuangamia baada ya kuvuliwa kupita kiasi kwa ajili ya biashara hii. Ni afadhali kununua waliozalishwa na wafugaji.

Anayechoka nao asiwatupe mtoni wala ziwani. Huko Florida, Marekani, oska na sikilidi wengine wa kigeni wamezaana na kuenea katika mifereji na vinamasi. Afrika Mashariki inayajua madhara ya samaki wageni. Mbuta waliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na walipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980, spishi nyingi za fulu, samaki wadogo wa ukoo huu wa sikilidi, zilitoweka. Uchafuzi wa maji ulichangia.

Baadhi ya fulu hao wamenusurika katika matangi ya vioo ng'ambo, wakitunzwa na vituo vya wanyama na wafugaji wa kawaida. Tangi linaweza kuwa gereza au kimbilio, kutegemea matayarisho ya mwenye kulimiliki.