Vikuza Mwanga vya Mkongo wa Mawasiliano: Nguvu, Kelele na Umbali

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Julai 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Yote miwili imefika nchi kavu Dar es Salaam. Taarifa za mikongo hiyo hueleza zaidi kiasi cha data inachobeba. Ni nadra kutajwa kifaa kinachowezesha mwanga kuvuka maelfu ya kilomita chini ya bahari, yaani kikuza mwanga.

Ndani ya uzi wa faiba, mwanga hupungua kwa takriban desibeli 0.2 kila kilomita. Baada ya kilomita 100 hubaki asilimia 1 tu ya nguvu ya awali. Zamani ishara ililazimika kubadilishwa kuwa umeme na kurudishwa tena kuwa mwanga. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionesha kuwa uzi uliotiwa elementi ya erbiamu hukuza mwanga moja kwa moja. Leza ya nanomita 980 au 1480 huzipa atomi za erbiamu nishati, nazo huikabidhi kwa ishara inayopita, hususan kati ya nanomita 1530 na 1565.

Ukuzaji wa mara 100 ni jambo la kawaida kwa kifaa hiki. Hata hivyo, nguvu pekee si kipimo cha kutosha. Kila kikuza huongeza mwanga wake usiobeba ujumbe, uitwao kelele, na kikuza kinachofuata hukuza vyote viwili bila kubagua. Kikuza kimoja kinachofidia kilomita 100 huzalisha kelele inayolingana na 99 (100 kutoa 1). Viwili vya kilomita 50, kila kimoja kikikuza mara 10, huzalisha 18 kwa jumla. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Aidha, erbiamu haikuzi rangi zote kwa usawa. Tofauti ya desibeli 1 tu, ikirudiwa katika vikuza 50, hufikia desibeli 50, yaani mara 100,000. Ndiyo sababu vichujio vya kusawazisha huwekwa.

Pamoja na manufaa hayo, vikuza haviwezi kuongezwa bila kikomo. Umeme wake hutoka vituo vya nchi kavu kupitia mkongo wenyewe, na kila kikuza kinachoongezwa hudai sehemu yake.